UZI: Manowari nzito "Kaskazi": tulivyoichora Arusha mpaka ikapinduka kwenye hori la ng'ombe

Timazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kuna mdau alipita gereji kwetu akaona karatasi zimetandazwa juu ya boneti, akauliza kama tunajenga godauni. Hapana. Ni manowari. Nilimwahidi nitaandika, leo mvua imetufungia ndani, basi kaeni vizuri.

Mimi ni fundi bodi, Arusha. Mchana kazi yangu ni Land Cruiser za watalii: tunakata chesesi, tunairefusha, tunajenga paa la kufunguka, tunafunga viti, friji, tenki la pili. Jumamosi jioni tukishafunga geti tunabaki watu watano na birika la chai ya rangi, tunacheza mchezo tulioubuni wenyewe. Kuna nchi inaitwa Rasimwamba. Haipo kwenye ramani, msiitafute. Ina mwambao wa maili 1,100 za baharini, kisiwa kimoja mbali sana, jirani mkorofi upande wa juu, na hazina ambayo haijawahi kujaa. Kila mmoja wetu ana wizara. Mimi nikapewa usanifu wa meli kwa sababu ndiye pekee ninayejua bati.

Mwaka ndani ya mchezo ni 1928, kwa hiyo tunabanwa na Mkataba wa Washington wa tarehe 6 Februari 1922. Ule mkataba, ukiacha manowari kubwa kabisa na zile za kubeba ndege, ulisema manowari isizidi tani 10,000 na mizinga yake isizidi milimita 203. Namba hizo hazikushuka mbinguni. Waingereza walikuwa wametoka kujenga meli za aina ya Hawkins, tani kama 9,800, mizinga ya milimita 190, hawakutaka kuzitupa. Kikomo kikawekwa pale ambapo mali yao inapona. Matokeo yake mnayajua hata kwa mtu wa kubeba mizigo sokoni Kilombero: ukimwambia mwisho ni magunia 10, hakuna atakayebeba 7. Kila taifa lililokuwa na uwezo likaanza kujenga tani 10,000 kamili.

Wizara ya Vita ya Rasimwamba ikaniletea mahitaji. Mizinga 9 ya milimita 203. Mwendo maili 33 za baharini kwa saa. Deraya, yaani chuma cha kinga, ya ubavuni milimita 127, ya sitaha milimita 51. Mafuta ya kwenda kisiwani na kurudi bila kuomba kwa mtu. Nikapokea kwa furaha kama fundi aliyekabidhiwa kianzio. Tatizo lilianza nilipochukua kalkuleta.

Naendelea, msikomenti kwanza.

Mkaa Kijiweni

Nimekomenti. Arusha kuna bahari tangu lini? Au mnaishusha mto Themi?

Dogo Sakina

Hahaha. Mimi nimeweka kambi hapa. Mkuu tupia picha, uzi bila picha ni chai.

Timazi

Picha simu yangu haifanyi, kioo kimepasuka kwenye kamera. Mtasoma.

@Mkaa Kijiweni, mtu wa bara kuwa na meli si ajabu. Ile Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja Dar, ikapanda treni mpaka Kigoma, ikaungwa tena na kushushwa majini 1915. Wakati huo ikiitwa Graf von Goetzen. Wakaizamisha wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 ni Liemba. Kwa hiyo meli inaweza kutoka kwenye masanduku. Yangu imetoka kwenye daftari.

Turudi. Fundi yeyote wa hapa anajua kwa kichwa kwamba bati la milimita 3, mita moja ya mraba, ni kilo 23 na nusu. Chuma ni chuma, kiwe cha mlango wa duka au cha manowari: mita moja ya ujazo ni tani 7.85. Sasa chukua ubavu. Sehemu ya kulindwa ni pale penye mitambo na ghala za risasi, tuite ngome; kwenye mchoro wa kwanza ilikuwa mita 100. Kimo cha deraya mita 4, unene milimita 127, pande mbili. Ukizidisha unapata tani 798. Sawa, nikasema, nilitegemea hivyo. Nikaja kwenye sitaha. Mita 100 kwa 18, unene milimita 51 tu. Tani 721! Nikarudia mara tatu. Bamba lisilofika nusu ya unene wa ubavu linakaribia uzito wa pande zote mbili, kwa sababu ni pana. Ni kama paa la gari: kila mteja anadhani paa ni jepesi kwa kuwa bati lake ni jembamba.

Ukiongeza nyumba za mizinga, mashina yake yanayoshuka mpaka chini, na kuta za kufunga ngome mbele na nyuma, deraya yote ilifika tani 2,900. Mwili 4,900. Mitambo 2,100. Silaha 1,150. Vifaa na mabaharia 600. Jumla 11,650.

Nilikuwa nimezidi tani 1,650 na sijaweka hata kengele.

Mbishi Daima

Swali la kijinga labda. Kama zote ni tani 10,000, kwa nini hii inaitwa "nzito"? Nzito kuliko nani?

Timazi

Si la kijinga, mimi mwenyewe lilinisumbua. Nzito ni mizinga, si meli. Mkataba wa London wa 1930 uligawa: mizinga inayozidi milimita 155 inaingia kundi la nzito, chini ya hapo nyepesi. Ndiyo maana Wamarekani walijenga aina ya Brooklyn, mizinga 15 ya milimita 152, uzito wake ukikaribia zile nzito, lakini kwenye vitabu ni "nyepesi". Majina ya mikataba hayo.

Na meli zinazotoka kwenye mchoro mmoja sisi tunaziita ukoo, maana ni ndugu wa tumbo moja. Ukoo wa Kaskazi ulipangiwa meli nne: Kaskazi, Kusi, Matlai na Umande. Pepo zote. Wizara ya Utamaduni ilitaka majina ya wanyama, tukaikatalia. Simba baharini anatafuta nini?

Mzee Foromali

Vijana mmenifurahisha. Mimi ni mtu wa Tanga, miaka mingi nimekuwa majahazini kwenda Pemba na Unguja, sasa nimehamia Moshi kwa mwanangu, nauangalia mlima tu. Majina mazuri. Ila nauliza, farumi, ule uzito wa chini wa kukituliza chombo, umeiweka wapi? Sijaona neno farumi tangu umeanza.

Timazi

Shikamoo mzee. Farumi inakuja, na nitaona aibu ikifika.

Kwanza nieleze tulivyopunguza, kwa sababu hapa ndipo nilijifunza. Nilianza na mwendo. Nguvu ya kusukuma meli haipandi sawasawa na mwendo, inapanda kwa mwendo mara tatu yake, mwendo kuzidishwa kwa wenyewe na tena kwa wenyewe. Kwa hesabu zetu maili 33 zilidai nguvu farasi 110,000. Maili 30 zinadai kama 82,600. Umetoa maili 3 tu, umeokoa robo ya mitambo! Tani 520 zikaondoka hapo hapo. Na si hizo tu. Boila zikipungua chumba chake kinafupika, kikifupika ngome inafupika, ikifupika deraya inafupika. Nikaitoa kutoka mita 100 hadi 80: ubavu ukapungua tani 160, sitaha ikapungua 144. Hakuna aliyeguswa unene wake.

Wizara ya Vita ikasusa. Walitaka 33 kwa sababu wameona wengine wana 33. Nikawauliza, unamkimbia nani? Jirani ana meli kuukuu. Wakasema, "Ni heshima." Nikawaambia heshima hiyo ni tani 824.

Bado nilikuwa nadaiwa 826. Ubavu ukashuka hadi milimita 102: tani 126 zikaondoka. Baki 700. Ndipo nikaleta hoja ya fundi. Tuchomelee mwili badala ya kupiga ribiti. Ribiti unalaza bati juu ya bati, kila kiungo kina bati mbili na vichwa vya chuma elfu kwa elfu. Ukichomelea unaunga ncha kwa ncha. Wajerumani kwenye Deutschland yao, ile ya mizinga ya milimita 280 na injini za dizeli, walichomelea sana kwa sababu hiyo hiyo. Nikajiandikia akiba ya tani 490.

Lakini wakuu, kuchomelea bamba refu mnakujua? Ukianza upande mmoja ukaenda moja kwa moja mpaka mwisho, kesho bati limejikunja kama chapati iliyosahaulika jikoni. Unapiga alama moja huku, unaruka kule, unarudi katikati, unaacha lipoe, unafuata upande wa pili. Mimi nimeharibu milango miwili ya nyuma ya gari la mteja kwa haraka nikiwa kijana. Wajapani waliharibu manowari. Mogami, miaka ya 1930, kwenye majaribio maungio ya kuchomelea yakafumuka na mwili ukajipinda. Wakairudisha kuiimarisha, uzito walioukimbia ukawarudia. Kwa hiyo Rasimwamba ikaamua: chini ya maji na kwenye mkuku ribiti, juu na kuta za ndani kuchomelea. Akiba ikawa 300 badala ya 490.

Baki tani 400. Hapo mzinga mmoja ukaenda, tukabaki na 8: nyumba mbili za mizinga mitatu mitatu, moja ya miwili. Pamoja na risasi zake na chuma cha nyumba, tani 150. Katapulti (ya kurushia ndege) moja kati ya mbili, boti, nanga ya akiba, samani za afande mkuu, tani 90.

Zikabaki 160, tukapiga kura.

Dogo Sakina

Kura ya nini tena?

Timazi

Ya kudanganya. Ikashinda nne kwa moja. Kwenye karatasi ya mkataba tumeandika 10,000.

Msinihukumu. Waitaliano na aina ya Zara walipita kikomo kwa zaidi ya tani elfu wakiwa wamekaa kimya, na Wajapani na Takao hivyo hivyo. Nani ana mizani ya kupimia manowari?

Mama Fizikia

Mimi ni mwalimu wa fizikia, Moshi, nimefuata uzi kimya. Kaka Timazi, kazi nzuri, lakini naona umehesabu uzito wote bila kusema hata mara moja uzito huo uko kimo gani. Tani 10,160 chini na tani 10,160 juu si meli moja. Jumla inakuambia chombo kitazama kiasi gani, haikuambii kama kitasimama.

Machi 1934 boti moja ya kivita ya Kijapani, Tomozuru, ilipinduka kwenye dhoruba. Ilikuwa imepakiwa silaha nyingi kuliko umbo lake, zote juu. Baada ya hapo Wajapani wakalazimika kukagua meli zao nyingi na kuzipunguzia mizigo ya juu. Na zamani zaidi, Vasa ya Uswidi, 1628. Kabla haijaondoka, mabaharia 30 waliambiwa wakimbie pamoja kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kuijaribu. Ilienda mrama hivi kwamba jaribio likasimamishwa kabla haijapinduka pale pale gatini. Kisha ikaruhusiwa kuondoka. Ilienda kama mita 1,300 tu ikalala.

Tengeneza mfano, ukae majini. Kwa kipimo cha moja kwa mia: meli ya mita 180 inakuwa mita 1.8, na uzito unagawanywa kwa milioni moja, kwa hiyo tani 10,000 zinakuwa kilo 10. Angalia tu: tani ya mkataba ule ni kilo 1,016, si 1,000. Kwa hiyo kilo 10 na gramu 160, halafu ongeza udanganyifu wenu.

Mzee Foromali

Mwalimu Mungu akuweke. Ndiyo farumi niliyoiuliza. Jahazi tupu ukiliacha bila mawe au mchanga ngamani, upepo wa kwanza unalilaza. Na tanga likiwa kubwa ndiyo zaidi.

Hili si la mzaha kwetu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu kabisa na Mwanza, watu wanaona mji. Mamia walikufa. Walipotoboa tumbo la meli ili wawatoe waliokuwa ndani, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, ikaenda chini. Nikisikia "tutaongeza kidogo juu" moyo wangu unaruka mpaka leo.

Mkaa Kijiweni

Mzee umetunyamazisha. Pole sana.

Kahe Juu

Wakati mnasubiri mfano, niwape cha nyumbani. Mnaongea mizinga ya manowari kama kitu cha mbali. Mzinga wa manowari umewahi kupiga hapa Kahe, kilomita chache kutoka Moshi, na bahari haipo.

Ni wa Königsberg. Meli ya Kijerumani, mizinga 10 ya milimita 105, siyo nzito kwa lugha yenu. Ilizamisha HMS Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, halafu mitambo ikawa mibovu, ikajificha delta ya Rufiji. Sehemu za boila zilifunguliwa na kuburutwa nchi kavu mpaka Dar kutengenezwa, zikarudishwa. Walioburuta ni wazee wetu, majina yao hakuna aliyeyaandika. Julai 1915 Waingereza wakaleta meli mbili za kimo kifupi cha maji, Severn na Mersey, zikaimaliza pale pale mtoni. Ila mizinga ikaopolewa, ikafungwa magurudumu, ikatembea na jeshi la nchi kavu. Mmoja ulipanda hata kwenye hiyo Goetzen yenu ya Ziwa Tanganyika. Na Machi 1916 Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, alipokuwa anasukuma kutoka Moshi kuelekea Ruvu, mmoja ulikuwa Kahe unampiga. Waliondoka usiku wakaulipua wakauacha.

Babu alikuwa anasema tu "mzinga wa baharini". Nilidhani hadithi za wazee.

Timazi

@Kahe Juu aisee, hii ni ya kuandika kwenye ukuta wa gereji. Ile habari ya boila imenifungua macho: Königsberg haikushindwa na mizinga, ilishindwa na kukosa mahali pa kutengenezwa. Nimeipelekea Wizara ya Fedha swali la chelezo, mahali pa kupandishia meli itengenezwe. Wamejibu "tutaangalia bajeti".

Mwalimu, mfano naanza kesho. Nipe siku nne.

Mbishi Daima

Wakati fundi anaranda mbao niseme langu. Yote haya ni bure. Tarehe 5 Aprili 1942 Dorsetshire na Cornwall, manowari nzito mbili za Uingereza, zilikuwa kusini ya Ceylon (Sri Lanka ya leo), zikakutwa na ndege za Wajapani zinazopiga mbizi. Zote mbili zikazama kwa muda mfupi ambao ungetosha kunywa supu. Baada ya hapo meli kubwa za Waingereza zikarudi nyuma mpaka Kilindini, Mombasa. Milimita 51 ya sitaha inazuia nini?

Mama Fizikia

Kaka Mbishi, mchezo wao uko 1928. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutobeba mwavuli wa mvua ya miaka 14 ijayo. Ila una hoja kwamba sitaha ndiyo iliyokuja kuamua, na ndiyo fundi amekuta nzito kuliko alivyodhani.

Mbishi Daima

Nimekubali nusu.

Timazi

Wakuu nimerudi. Imepinduka.

Nielezee. Nimejenga kwa plaiwudi, nikaipaka rangi ya mafuta mara tatu, mita 1.8 kutoka omo (mbele) hadi shetri (nyuma), upana sentimita 18. Mizigo yote nimetumia nati na vipande vya chuma, kila kimoja nimekipima kwenye mzani wa duka la jirani na kukigundisha kwenye kimo chake halisi. Maji tukakosa pa kuyaweka. Ziwa Duluti nilifikiria nikaona nitachekwa. Mwisho tukaazima hori la zege la mama mmoja hapa Ilboru, ndefu kama mita mbili na nusu. Ng'ombe wake wawili wakasimama wanatazama.

Nikaishusha taratibu. Ikakaa. Watu wakapiga makofi. Nikaigusa kwa kidole ubavuni, hivi tu. Ikalala upande, haikurudi, ikaendelea kulala, na nyumba ya mizinga ya mbele ikachomoka ikazama ya kwanza. Ng'ombe mmoja akanusa akaondoka.

Sababu niliijua kabla haijamaliza kuzama. Mchoro wangu wa mwanzo ulikuwa na deki ya nahodha ya ghorofa mbili. Waziri wa Vita akaongeza mnara wa kupimia shabaha. Waziri wa Mambo ya Nje akataka baraza la kupokelea mabalozi. Wizara ya Fedha, hao hao wabahili, wakataka taa kubwa mbili kwa kuwa "ni bei ndogo". Kila kitu kilikuwa gramu chache. Manahodha wengi chombo huenda mrama, nilikuwa nausikia huu msemo tangu utotoni bila kujua mrama wenyewe ukoje.

Halafu kuna nyumba za mizinga. Niliweka ya mizinga mitatu juu, imepanda mgongo wa ile ya miwili. Nilidhani ni ubunifu wangu.

Mama Fizikia

Wamarekani walifanya hivyo hivyo kwenye Pensacola: ya mitatu juu, ya miwili chini, kwa sababu omo lilikuwa jembamba na shina la ile pana halikuingia mbele. Geuza. Nyepesi ndiyo ikae juu. Na ongeza upana. Ukitoka mita 18 hadi 19, uwezo wa umbo kujirudisha unapanda kama asilimia 18, kwa sababu upana unahesabiwa mara tatu yake, kama ule mwendo wako.

Kisha usiiguse kwa kidole. Pima. Weka uzito unaoujua katikati, uusogeze pembeni kwa umbali unaoujua, uning'inize timazi ndani uone uzi umehama kiasi gani. Jina lako la humu linatosha kazi hiyo.

Mzee Foromali

Na mafuta, mwanangu. Umesema ya kwenda na kurudi. Yako chini, si ndiyo? Yakiisha, chini kumebaki nini?

Timazi

Mzee, hilo swali lilininyima usingizi. Mafuta hayahesabiwi kwenye zile tani 10,000, mkataba uliyaacha nje pamoja na maji ya akiba ya boila. Kwa hiyo nilijaza matenki chini kwa raha zangu, nikajiona mjanja: ndiyo farumi yangu, tena ya bure. Lakini farumi unayoichoma njiani ni farumi gani? Meli inarudi nyumbani ikiwa nyepesi tumboni na kichwa kile kile.

Nimekuja kusoma kwamba tarehe 18 Desemba 1944 Wamarekani walipoteza meli tatu kwenye tufani la Pasifiki: Hull, Spence na Monaghan. Mafuta yalikuwa yamepungua sana, matenki hayakuwa yamejazwa maji ya bahari ya kutosha kufidia. Zikapinduka, karibu watu 800. Kwa hiyo Kaskazi ina amri imeandikwa juu ya mlango wa chumba cha mitambo: tenki likiisha mafuta, lijaze maji ya chumvi. Wahandisi watalaani kuyatenganisha baadaye. Walaani tu.

Timazi

Jumamosi, usiku. Matokeo.

Nimegeuza nyumba za mizinga. Nimekata ghorofa moja, baraza la mabalozi limekuwa kuni za chai. Mwili nimeupasua kwa urefu kama tunavyopasua Land Cruiser, nikaingiza ubao wa sentimita moja katikati. Mabamba ya ziada ya mwili yametula tani 70, kwa hiyo uongo wetu kwenye mkataba umekuwa 230, na kasi imeshuka mpaka 29 na kitu. Wizara ya Vita bado hawajaambiwa.

Nikaweka gramu 200 katikati, nikazisogeza sentimita 8. Uzi wa timazi sentimita 30. Ncha ikahama sentimita 4 ikatulia. Mpwa wangu wa kidato cha tano akapiga hesabu: kwenye meli halisi kimo cha utulivu, kile kipimo cha nguvu ya meli kujirudisha, kinakuja mita 1.2. Kisha tukaisukuma tukahesabu mrama: kumi kwa sekunde 14. Kwenye bahari halisi ni sekunde 14 kwa mrama mmoja.

Mwalimu, tafadhali, hii ni nzuri au mbaya?

Mama Fizikia

Ni nzuri. Vipimo viwili tofauti vinasema kitu kimoja, hujakosea. Ingekuwa inarudi kwa uvivu, sekunde 20 na zaidi, ningekwambia uchome mchoro. Ingekuwa inarudi kwa kushtuka, sekunde 8, mizinga isingelenga kitu. Sasa toa mafuta yote, urudie.

Timazi

Nimetoa. Bila maji ya chumvi ncha ilihama sentimita 8 nzima. Nikajaza matenki, ikarudi 4 na nusu.

Mzee Foromali

Alhamdulillah.

Dogo Sakina

Sasa mnazijenga ngapi? Bado nne?

Timazi

Wizara ya Fedha imejibu leo. Chelezo kimoja na meli mbili, au meli nne bila chelezo. Nilikuwa naelekea kuchukua nne, nikakumbuka boila za Königsberg zinaburutwa porini. Tumechukua chelezo. Matlai na Umande zimefutwa. Waziri wa Utamaduni amefurahi sana, sijui kwa nini.

Mkaa Kijiweni

Na hori?

Timazi

Mama anataka lirudishwe kesho asubuhi, limepigwa brashi, halina harufu ya rangi. Kaskazi ipo juu ya kabati la spana, inakauka. Jumamosi ijayo tunaanza Kusi kwa ile ile michoro. Dogo Sakina, uko karibu, njoo na kalkuleta yako, ya kwangu imeingia maji.

Dogo Sakina

Nakuja na simu nzima pia. Zile picha.